Keki ya mashindano: anza na maua, keki yenyewe oka mwisho

Wadogo zangu mnaopamba keki hapa Arusha na Moshi na sasa mnataka kuingia mashindano kwa mara ya kwanza, naona karibu wote mnaanzia palepale, kwenye oveni. Mtu anaoka keki ya ghorofa tatu Alhamisi, Ijumaa anafunika fondanti (ile sukari laini inayosukumwa kama chapati), usiku ndo anakumbuka maua, Jumamosi asubuhi maua hayajakauka yamelala kama mchicha wa juzi. Geuza hiyo ratiba. Maua ya gampesti (sukari ya kufinyanga inayokauka ikawa ngumu) ukiyaweka kwenye boksi kavu yanakaa wiki na wiki, keki ndo ina siku chache.

Ila hata kabla ya ua la kwanza soma masharti, na usome na kalamu mkononi. Majaji wanaangalia ubao unaokalia keki haujazidi vipimo, vitu vyote vinavyoonekana vimetengenezwa kwa sukari au wameruhusu vingine, na kama keki ya dami inakubalika (ile ya povu jeupe gumu) au lazima wakate waonje. Mashindano mengi pia yanakataza kuchomeka waya wa maua moja kwa moja kwenye keki, unatakiwa uingie kwanza kwenye kijichupa cha plastiki ndo kichomekwe. Unaweza ukawa na ua zuri kuliko wote ukaondolewa kwa sentimita mbili za ubao, na huna wa kumlalamikia. Na wakiruhusu dami tumia dami jamani, ushujaa wa nini, hapo hakuna anayeonja.

Kuhusu wazo, naomba Mlima Kilimanjaro na twiga wapumzike kidogo aisee. Si kwamba ni wabaya, ila jaji kashawaona sana. Angalia vitu vilivyo mlangoni kwako: ua la kahawa, jeupe, petali tano nyembamba, yanakaa vichala vichala kwenye tawi lenye majani meusi yanayong'aa, au mkungu wa ndizi na lile ua lake la rangi ya damu ya mzee, au jakaranda zetu za Arusha zinazochanua kuanzia Oktoba hivi.

Kwenye jakaranda sasa kuna mtego. Zambarau yetu ya chakula ni mchanganyiko wa pinki na bluu, na mwanga unakula pinki haraka kuliko bluu, kwa hiyo maua uliyoyaacha dirishani yakauke unakuja kuyakuta yamekuwa ya bluu bluu na wewe hujagusa kitu. Kausha gizani, hifadhi gizani, na changanya yaelekee pinki kidogo kuliko unavyotaka. Tumia rangi ya jeli, ile ya maji inalainisha gampesti unabaki unaongeza sukari mpaka inapasuka.

Halafu hali ya hewa. Sukari inavuta unyevu, kwa hiyo ua linalokauka usiku mmoja Januari, wakati wa masika linaweza kukaa siku tatu bado bichi. Ongeza CMC (ile poda inayoifanya sukari ikauke ngumu) kwenye fondanti ya maua, kama kijiko kimoja cha chai kwa gramu 250, funika iache ipumzike usiku kucha ndo uisukume. Joto la Moshi la Februari ni adui wa batakrimu (krimu ya siagi na sukari), chini ya fondanti mi napendelea ganashi, chokoleti nyeusi sehemu mbili kwa krimu moja, joto likizidi weka tatu kwa moja. Na keki iliyofunikwa fondanti usiikimbizie kwenye friji, ikitoka inatoa jasho, rangi zinachuruzika.

Kama lazima iwe keki ya kweli, kumbuka mapishi mengi ya mtandaoni yameandikwa na watu wanaokaa karibu na usawa wa bahari, sisi Arusha tuko kama mita 1,400 juu, Moshi kama 900. Hewa ya huku ni nyepesi, keki inaumuka haraka kabla haijashika halafu katikati inabonyea. Punguza beking pauda, anza kwa kutoa kama sehemu ya nane, ongeza maji au maziwa kidogo, ujaribu mpaka ipatikane. Na iwe keki nzito ya siagi, keki laini ya wipi haibebi ghorofa.

Pointi nyingi zinapotea kwenye usafi wala si kwenye ufundi. Jaji anainama, anaangalia pale ghorofa inapokutana na ghorofa, anaangalia pembe, alama za vidole, unga wa konflawa uliobaki kwenye fondanti nyeusi, utepe wa ukingo wa ubao unaokutana vibaya kwa nyuma. Keki yenye kichala kimoja cha maua kilichonyooka inaishinda iliyojazwa kila kona, nimeona hivyo zaidi ya mara moja. Tumia pima maji ya fundi, ni bei rahisi, na macho yako saa saba usiku si ya kuaminiwa.

Kusafirisha: kutoka Moshi mpaka Arusha ni kama kilomita 80 na matuta ya kutosha. Beba ghorofa mojamoja kwenye maboksi, ziweke sakafuni mwa gari na si kwenye siti maana siti imeinama, mtu asipakate, na pangeni hukohuko ukumbini. Maua yasafiri peke yake. Beba na petali za akiba, brashi, kitambaa safi, na roya aising (sukari ya unga iliyopigwa na ute wa yai) ya rangi ileile ya keki ndani ya koni iliyofungwa vizuri, ila bakuli na mwiko ulivyoichanganyia visiwe na mafuta hata chembe, ikigusa mafuta haisimami.