Unaanza kusoma vita vya Ufilipino? Anza na kalenda

Wadogo zangu mliochagua utawala wa Marekani Ufilipino kuwa mada ya tasnifu, karibuni. Nimepitia kazi nyingi za wanafunzi juu ya mada hii, na kinachoziangusha mara nyingi ni tarehe: mwandishi huzipokea zote kutoka kwa mshindi bila kuuliza.

Wengi huanzia Mei 1, 1898, siku George Dewey, kamanda wa majini wa Marekani, alipoteketeza meli za Wahispania kwenye ghuba ya Manila. Ukianzia hapo, Wafilipino wanaingia katika historia yao kama wapita njia. Rudi hadi 1892, Andrés Bonifacio na wenzake walipounda chama cha siri cha Katipunan, kisha 1896 walipochukua silaha dhidi ya Hispania. Hapo ndipo mambo ya 1898 yanaeleweka. Juni 12 Emilio Aguinaldo, kiongozi wa mapinduzi, anatangaza uhuru huko Kawit. Agosti 13 Wahispania na Wamarekani wanapigana Manila vita vya kuigiza, wakiwa wameshapatana, ili mji usiangukie mikononi mwa wenyeji. Desemba 10, mjini Paris, Hispania inaikabidhi Marekani visiwa hivyo na kulipwa dola milioni 20. Mjumbe wa Aguinaldo, Felipe Agoncillo, hakupewa hata nafasi ya kusikilizwa. Risasi kati ya Wamarekani na Wafilipino zilipoanza kulia Februari 4, 1899, Wafilipino walikuwa tayari na jamhuri, katiba na jeshi.

Tarehe ya mwisho ndiyo yenye hila zaidi. Rais Theodore Roosevelt alitangaza Julai 4, 1902 kwamba vita vimekwisha. Novemba mwaka huohuo serikali ya kikoloni ikapitisha sheria ya unyang'anyi, na kuanzia hapo aliyebaki msituni na bunduki alihesabiwa jambazi, adhabu yake ikiweza kufika kifo. Macario Sakay alikuwa mtu wa Katipunan tangu enzi za Bonifacio. Aliendelea kupigana, akashuka milimani 1906 baada ya kushawishiwa kwamba akijisalimisha njia ya kupata bunge la Wafilipino itafunguka. Wakamkamata karamuni. Walimnyonga Septemba 13, 1907. Bunge lenyewe likafunguliwa Oktoba 16. Kwa hiyo ukikutana na jambazi katika ripoti za baada ya 1902, chunguza alikuwa nani kabla ya hapo.

Kusini, kwa Waislamu wa Sulu na Mindanao, kalenda ni nyingine kabisa. Mwaka 1899 Marekani iliandikiana mkataba na Sultani Jamalul Kiram II ili upande huo utulie wakati jeshi likipigana kaskazini. Kaskazini kulipopoa, mwaka 1904 mkataba ukafutwa. Mauaji ya Bud Dajo, ambako mamia ya watu waliuawa mlimani, wanawake na watoto wakiwemo, ni ya Machi 1906. Mapigano ya Bud Bagsak, mlima mwingine wa huko, ni ya Juni 1913. Tasnifu inayoishia 1902 haina nafasi ya watu hawa.

Halafu msiitenge sura ya shule na sura ya vita. Meli iitwayo Thomas ilileta walimu wa Kimarekani wapatao 500 Manila Agosti 1901. Septemba 28, huko Balangiga kisiwani Samar, wenyeji waliwavamia askari wa Marekani na kuua 48. Jenerali Jacob Smith akaagiza auawe kila mwenye umri wa zaidi ya miaka 10 anayeweza kushika silaha. Mahakama ya kijeshi ilimhukumu kwa kukaripiwa tu, kisha akastaafishwa. Kitabu cha Kiingereza na amri ile vilitoka serikali moja, msimu mmoja.

Kuhusu vifo, tahadhari. Askari wa Marekani ni zaidi kidogo ya 4,200. Wapiganaji wa Kifilipino hukadiriwa 20,000. Kwa raia hutajwa sana 200,000. Hiyo ya mwisho msiiandike kana kwamba wote walipigwa risasi. Huko Batangas, Jenerali Franklin Bell aliwakusanya watu katika maeneo yenye ulinzi na kuharibu chakula kilichobaki nje, na mwaka 1902 kipindupindu kikaingia visiwani. Aliyesoma Maji Maji na njaa iliyoifuata atauelewa ukurasa huu haraka.

Vyanzo vipo. Nyaraka za serikali ya Aguinaldo zilitekwa, zikapelekwa Washington na kurudishwa Ufilipino 1958; kuna nakala zake za mikrofilamu. Nyingi ni za Kihispania na Kitagalog, hivyo jifunzeni Kihispania cha kusomea, hata kidogo. Ushahidi uliotolewa mbele ya kamati ya Seneti mwaka 1902 uko kwa Kiingereza, na humo askari wanaeleza wenyewe jinsi mateka walivyojazwa maji tumboni ili waseme. Someni majibu yote, msiokote sentensi za kutisha peke yake.

Anayeona mada ni pana mno achukue tamthilia za Kitagalog. Sheria ya uchochezi ya 1901 ilikataza hata kutetea uhuru kwa maneno, na Aurelio Tolentino alitiwa mbaroni kwa mchezo aliouonyesha Manila Mei 1903. Kuna sheria, kuna kesi, kuna andiko lenyewe. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza hiyo inatosha, na msimamizi wako hatakusumbua kuhusu upana wa mada.