Kupima chumvi ya tangi la samaki wa baharini: chagua kipimo unachoweza kukihakiki

Kwa miezi minane nilitunza tangi la samaki wa baharini nikiamini kwamba maji yake yana chumvi ya 35 kwa elfu, yaani gramu 35 katika kila kilo moja ya maji, ambacho ndicho kiwango cha kawaida cha bahari kuu. Kumbe siku zote hizo maji yalikuwa na 30 tu. Samaki hawakuonyesha dalili yoyote, wakila na kuogelea kama kawaida, na hilo ndilo lililonipoteza, kwa sababu samaki wengi wa baharini wanaweza kurekebisha chumvi ya miili yao kwa kiasi kikubwa na kuvumilia maji mepesi kwa muda mrefu. Waliokuwa wakiteseka ni wale wasio na uwezo huo. Konokono walijifungia ndani ya magamba yao, matumbawe hayakufunguka vizuri, na kamba wangu wawili walikufa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja siku chache baada ya kujivua gamba.

Ushahidi ulikuwa mezani kwangu na sikuusoma. Nilipopima kalisi nilipata karibu miligramu 360 kwa lita, wakati maji ya bahari yenye chumvi 35 huwa na takribani 420 kwa kipimo hicho hicho. Magnesiamu nayo ilikuwa karibu 1100 badala ya kukaribia 1300. Nikaanza kutia kalisi, kisha nikatia magnesiamu, kana kwamba hayo ni maradhi mawili tofauti. Leo mtu akiniambia kwamba madini yote ya tangi lake yamepungua kwa uwiano uleule, swali langu la kwanza huwa anapima chumvi kwa kifaa gani, na mara ya mwisho alikihakiki lini.

Aliyenifumbua macho ni rafiki aliyekuja na rifraktomita yake, kifaa kinachopima chumvi kwa jinsi nuru inavyopinda majini. Kabla ya kugusa maji yangu, alitoa kichupa cha maji ya kuhakikia, yaani maji ambayo chumvi yake inajulikana kuwa 35, akadondosha matone mawili juu ya kioo, akafunika kwa kifuniko chake, akangoja kidogo, akatazama dirishani na kunionyesha: mpaka kati ya sehemu ya bluu na sehemu nyeupe ulikuwa umesimama juu ya 35 sawasawa. Alipokausha kioo na kuweka maji ya tangi langu, mpaka ulisimama kwenye 30. Tukakichukua kifaa changu, kile kijisanduku cha plastiki chenye mshale unaoinuka ndani ya maji, tukakijaza na kukitazama kwa ukaribu. Chini ya mshale palikuwa na viputo vya hewa vidogo kama mbegu za mchicha, vimejipanga mstari mmoja. Viputo hivyo ndivyo vilivyokuwa vikiuinua mshale na kunidanganya kwamba maji yana chumvi ya kutosha, hata mara nyingine kwamba imezidi, nami kwa utiifu nikaongeza maji matupu yasiyo na chumvi.

Nimesimulia hayo kwa kirefu kwa sababu ushauri wangu wote unatokana na tofauti kati ya vifaa vile viwili. Kifaa cha rafiki yangu hakikuwa cha kuaminika kwa sababu tu kilikuwa cha gharama kubwa zaidi. Kiliaminika kwa sababu kilikuwa kimejibu kwa usahihi, mbele ya macho yetu, swali ambalo jibu lake tulikuwa tunalijua. Basi, unapochagua kipimo, jiulize kwanza utakihakikije ukiwa nyumbani, kisha ndipo uangalie mambo mengine.

Kijisanduku cha mshale nisingekishauri kwa mtu anayefuga matumbawe, kamba au viti vya pweza. Kasoro yake si viputo peke yake. Chumvi hukauka na kufanya ukoko kwenye kiungio ambacho mshale unazungukia, nao ukoko huo huuzuia mshale kupanda au kushuka inavyopasa, kwa hiyo kosa linaweza kwenda upande wowote na kubadilika kila wiki. Kama ndicho ulicho nacho kwa sasa, kijaze polepole, kigongegonge mpaka viputo vyote vitoke, kisome kikiwa juu ya meza iliyo sawa, na kila baada ya matumizi kisuuze kwa maji matupu. Ukoko ukishajitokeza, kiloweke katika siki. Halafu kilinganishe na kifaa kilichohakikiwa na uandike tofauti yake ubavuni mwa kijisanduku. Kipimo chenye kosa linalojulikana na lisilobadilika ni bora kuliko chenye kosa la kubahatisha.

Haidromita ya kioo inayoelea, ambayo huzama zaidi au kidogo kulingana na uzito wa maji, hudharauliwa bila sababu. Ikiwa imetengenezwa vizuri haina kinachoweza kuchakaa: hakuna betri wala kiungio, na kadiri unavyoitunza bila kuivunja itasoma mwaka wa kumi kama ilivyosoma siku ya kwanza. Inachodai ni mambo mawili. La kwanza ni kuisoma kwenye usawa halisi wa maji, si kwenye ule ukingo mdogo unaopanda kando ya shingo ya kioo. La pili, ambalo wengi hulisahau, ni jotoridi. Kila haidromita huandikwa kiwango cha joto ilichotengenezewa, nyingine nyuzi 25 za Selsiasi na nyingine takribani nyuzi 15. Ukitumbukiza ile ya nyuzi 15 katika tangi lenye nyuzi 25 bila kutumia jedwali la marekebisho, utasoma chini ya ukweli kwa karibu 3 kwa elfu, kwa sababu maji ya moto zaidi ni mepesi zaidi. Maandishi hayo huwa madogo sana kwenye karatasi iliyo ndani ya shingo. Yatafute kabla ya kununua.

Rifraktomita ndiyo ninayoitumia kila siku, na ndiyo ninayowashauri wengi, lakini ina mtego ambao nami niliuingia mara tu nilipoachana na kijisanduku changu. Kifaa hiki hupima jinsi nuru inavyopinda ikipita majini. Rifraktomita nyingi zinazouzwa kwa wafugaji wa samaki zilibuniwa kupima maji ya chumvi ya kawaida, yaani sodiamu kloridi peke yake, wakati maji ya bahari yana mchanganyiko wa chumvi nyingi unaopinda nuru kwa namna tofauti kidogo. Matokeo yake ni kwamba rifraktomita ya aina hiyo, ikisawazishwa kwenye sifuri kwa maji yasiyo na madini, itasoma 36.5 pale ambapo maji ya bahari yana 35. Ili ujue uliyo nayo ni ya aina gani, tazama ndani kwenye mistari yake: kama 35 imelingana na karibu 1.025 upande wa pili, ambako huonyeshwa uzito wa maji hayo ukilinganishwa na maji matupu, hiyo ni ya chumvi ya kawaida. Kama imelingana na 1.0264 au zaidi kidogo, hiyo ilitengenezewa maji ya bahari. Tofauti ya 1.5 si ya kuua, ila inaonyesha kwa nini sifuri haitoshi.

Na kweli haitoshi, hata kwa kifaa kilichotengenezewa bahari. Kifaa kinaweza kuwa sahihi kabisa kwenye sifuri na bado kikapotoka kadiri unavyopanda, kama mizani ambayo bila mzigo huonyesha sifuri sawasawa lakini huongeza robo kwa kila kilo. Ndiyo maana nasisitiza kuhakiki karibu na pale unapopimia. Anayetunza tangi kwenye 35 ahakiki kwa maji ya 35. Lakini anayetibu samaki wenye madoa meupe kwa kushusha chumvi mpaka karibu 14, ambako vimelea hushindwa kuishi, hapaswi kutegemea uhakiki wa 35 peke yake, maana huko chini kosa dogo hulifanya tiba lisifanye kazi huku mtibaji akiamini linafanya. Huyo ahakiki kwa maji yasiyo na madini pia.

Maji ya kuhakikia unaweza kuyanunua au kuyatengeneza. Kwa rifraktomita, gramu 36.5 za sodiamu kloridi safi, isiyotiwa madini joto wala kitu kingine, zikiyeyushwa katika gramu 963.5 za maji yasiyo na madini, hupinda nuru sawasawa na maji ya bahari ya 35. Pima kwa mizani unayoiamini, na uhifadhi katika chupa inayofungika barabara, kwa kuwa maji yakipungua kwa mvuke nacho kipimo chako kitapotoka. Hapa nataka nieleweke vizuri: maji hayo ni ya rifraktomita tu. Yakitumiwa kuhakiki kifaa kinachopima umeme yatakupotosha, kwa sababu chumvi hiyo inayolingana na bahari katika kupinda nuru hailingani nayo katika kupitisha umeme. Vivyo hivyo, maji ya dukani yaliyoandikwa kwamba ni ya vifaa vya umeme usiyatie kwenye rifraktomita kabla hujahakikisha kwamba yanafaa kwa vyote viwili. Nimewahi kuona mtu akivuruga rifraktomita nzuri kwa namna hiyo, kisha akaitupa.

Namna ya kusoma nayo ina uzito wake. Kausha kioo, weka matone ya kutosha kujaza chini ya kifuniko bila kiputo, kisha ngoja nusu dakika ili matone yafikie joto la kifaa. Neno la kwamba kifaa kinajirekebisha chenyewe kulingana na joto lisikufanye ukisawazishe kikiwa kimetoka juani au ukitumie kando ya taa za tangi. Kihakiki katika joto lile lile la chumba unamopimia. Wala usikae nayo dakika tano ukizungumza, kwani matone ni kidogo sana na maji huanza kuruka.

Vifaa vinavyopima upitishaji wa umeme ndivyo vilivyo karibu zaidi na kazi ya wanasayansi wa bahari, ambao tangu 1978 wana kipimo rasmi cha chumvi kinachotegemea umeme. Maji ya bahari ya 35 kwenye nyuzi 25 hupitisha milisimensi 53 kwa sentimita, na hiyo ndiyo namba ya kutafuta kwenye chupa ya maji ya kuhakikia. Ni vyepesi kusoma na havitegemei jicho, jambo linalomfaa sana mtu mwenye shida ya kuona. Hata hivyo, upitishaji hubadilika kwa takribani asilimia 2 kwa kila nyuzi moja ya joto, hivyo kihisi joto cha kifaa kikikosea nyuzi moja tu, chumvi itakosewa kwa karibu 0.7. Kiputo kikinasa kwenye kihisi, namba hushuka. Kihisi kikifunikwa na uchafu, vilevile. Mnunuzi wa kifaa cha namna hii ajue kwamba amenunua na kazi ya kukisafisha na kukihakiki kila mwezi.

Kuhusu rifraktomita za kidijitali nitasema machache. Zinapendeza, na namba zake huonekana kuwa na uhakika mkubwa, lakini soma karatasi yake ya maelezo: baadhi hutangaza zenyewe kosa la hadi 2 juu au chini. Kioo kinapokuonyesha 35, ukweli unaweza kuwa 33 au 37. Pia nyingi husawazishwa kwa maji matupu tu, kwa hiyo yote niliyoyasema kuhusu sifuri yanazihusu.

Kwa anayeniuliza anunue nini leo, namjibu hivi: rifraktomita ya kawaida iliyotengenezewa maji ya bahari pamoja na chupa ya maji ya kuhakikia ya 35, na akiweza, haidromita nzuri ya kioo ya kukaa kabatini kama shahidi wa pili. Vifaa viwili vinavyofanya kazi kwa kanuni tofauti vikikubaliana, uwezekano wa vyote kukosea kwa pamoja ni mdogo sana. Visipokubaliana, usikimbilie kuligusa tangi. Rudi kwenye maji ya kuhakikia kwanza. Mali bila daftari hupotea bila habari, nami huandika kila uhakiki: tarehe, kifaa kilisoma ngapi kabla ya kusawazishwa, na tangi lilisoma ngapi. Hiyo namba ya kabla ndiyo muhimu, maana ndiyo inayoonyesha kama kifaa kinapotoka kidogokidogo au kimeharibika.

Na ukigundua, kama mimi, kwamba tangi lako limekuwa mbali na ulivyodhani, usirekebishe kwa siku moja. Viumbe wako wamekwisha kuyazoea maji hayo, na mshituko wa kupandishwa ghafla unaweza kuwadhuru kuliko kosa lenyewe. Maji yanayopungua kila siku kwa mvuke huondoka bila chumvi, na kwa kawaida hujazwa kwa maji matupu. Mimi kwa kipindi kile niliyajaza kwa maji yaliyokwisha kuchanganywa chumvi, nikipima asubuhi na jioni na kuhakikisha kwamba chumvi haipandi zaidi ya 0.5 kwa siku. Ilichukua siku kumi kutoka 30 hadi 35. Siku ya saba konokono mkubwa alitoka kwenye gamba lake na kupanda kioo, na kalisi niliyoipima mwishoni, bila kutia tone la kitu kingine, ilikuwa 420.