Je, pembe θ13 imeua A4?

SWALI: Mhariri, nilifundishwa kuwa kundi la ulinganifu A4 linaeleza jinsi nyutrino (chembe nyepesi mno zisizo na chaji) zinavyochanganya ladha zao tatu (ya elektroni, ya myuoni na ya tau), na kwamba θ13, moja ya pembe tatu za mchanganyiko huo, ni sifuri. Mwaka 2012 watafiti wa jaribio la nyutrino la Daya Bay, kule China, wakaipima kuwa karibu nyuzi 9. A4 imekufa? Kwa kikokotoo cha kawaida naweza kujua modeli ipi bado hai?
Mwalimu wa fizikia, Morogoro

JIBU: Kilichokufa, mwalimu, ni mpangilio mmoja tu: sin²θ12 = 1/3, sin²θ23 = 1/2, θ13 = 0. A4 peke yake haikudai yote matatu.

A4 ni mizunguko 12 inayoiacha piramidi ya pembetatu nne ikionekana vilevile: mmoja wa kutogeuza kitu, minane ya nyuzi 120, mitatu ya nyuzi 180. Ulinganifu huo ukivunjika, elektroni na ndugu zake wazito, myuoni na tau, hubakiwa na mzunguko wa nyuzi 120, nyutrino na ule wa nyuzi 180. Mchanganyiko huzaliwa hapo, kwa kuwa mabaki hayo mawili hayapatani. Mzunguko wa nyuzi 180 hufunga safu wima ya kati tu ya matriksi, yaani jedwali la mchanganyiko linaloonyesha sehemu ya kila ladha: 1/3, 1/3, 1/3. Sifuri ya θ13 ilitokana na ulinganifu wa myuoni na tau, ambao haumo ndani ya A4. Ulijipenyeza kwa sababu modeli za mwanzo zilikuwa na viambato vichache mno. Ukiuvunja, safu ya kati inasalimika.

Sasa shika kikokotoo. Daya Bay wanatoa sin²2θ13 = 0.0851. Hapa wengi huteleza: wanaichomeka moja kwa moja kana kwamba ni sin²θ13. Ile 2 imo ndani ya pembe! Fanya (1 − √(1 − 0.0851)) ÷ 2, upate 0.02175; basi cos²θ13 = 0.97825.

Safu ya kati ikifungwa, sin²θ12 × cos²θ13 = 1/3, hivyo sin²θ12 = (1/3) ÷ 0.97825 = 0.341. Ukikosea nilivyosema utapata 0.364, uihukumu modeli kwa kosa lako.

Kundi kubwa zaidi, S4, lenye mizunguko 24 ya mchemraba, linaweza kufunga safu ya kwanza badala yake: 2/3, 1/6, 1/6. Hapo cos²θ12 × cos²θ13 = 2/3, hivyo sin²θ12 = 1 − (2/3) ÷ 0.97825 = 0.319.

JUNO, mtambo mwingine wa China, mwishoni mwa 2025 walitoa sin²θ12 = 0.3092, kosa la kipimo ± 0.0087. Jibu la A4 liko mbali kwa mara 3.6 hivi ya kosa hilo la kipimo, la S4 kwa mara moja na kidogo. Kwa maoni yetu, A4 ya safu ya kati iko mahututi. Ya S4 inapumua vizuri.

SWALI: Je, ulinganifu huo unatoa pia uzito wa nyutrino?
Mwanafunzi, Eldoret

JIBU: Peke yake, hapana. Unafunga pembe; uzito hutegemea namba nyingine ambazo mjenzi wa modeli huziweka ili zilingane na vipimo.