Yungiyungi lina majani tele, maua hakuna: ligawe

Mkuu, umesema bwawa lako liko Uingereza, yungiyungi lina miaka minne kwenye kikapu kilekile, majani yamesongamana mpaka yanasimama juu ya maji, na mwaka jana hukuona ua. Usikimbilie mbolea. Mizizi imejaa chombo, kwa hiyo ligawe Aprili au Mei, linapoanza kuchipua.

Toa kikapu, suuza udongo kwa mpira wa maji mpaka tunguu, yaani shina lake la ndani ya udongo, lionekane. Ni nene, linatambaa kwa kulala, na linakua kwa kichwa kilicho nchani. Kata kwa kisu kikali kipande cha sentimita 10 hadi 15 chenye kichwa hicho. Sehemu kongwe tupa. Ukikuta pamelainika, peusi na pananuka, huo ni uozo. Kata hadi ufikie nyama ngumu nyeupe. Uozo ukiwa umeshafika kichwani, tupa lote pamoja na udongo wake.

Kikapu kiwe na upana wa sentimita 30 hivi. Jaza udongo mzito wa mfinyanzi kutoka bustanini, usio na samadi wala mboji. Ule wa magunia wa maua ya vyungu achana nao: unaelea, unaoza, na virutubisho vyake vinalisha mwani hadi maji yanakuwa kijani. Sasa laza tunguu ukingoni, kichwa kikielekea katikati ili lipate nafasi ya kutambaa, na kibaki wazi juu ya udongo. Wengi wanaharibu hapa kwa kulifukia lote kama kiazi, kisha linaoza. Tandaza changarawe sentimita 2 kuzuia samaki wasichimbue, ila usifunike kichwa.

Kikapu kisishuke chini siku hiyohiyo. Kiweke juu ya matofali, kichwa kiwe sentimita 15 chini ya maji, halafu ondoa tofali mojamoja kadiri majani yanavyofika juu. Aina ya wastani kama 'James Brydon' inakaa vizuri kwenye sentimita 45; 'Pygmaea Helvola' ni dogo, 20 zinalitosha. Barafu ya juu ya bwawa haina neno, alimradi tunguu lenyewe lisigande.

Jua lisipungue saa sita kwa siku, na chemchemi ya kurusha maji iwe mbali. Majani hayapendi kurushiwa maji. Mbolea ni ya vidonge, isukumwe ndani kabisa ya udongo kila baada ya wiki sita hivi, ukome Agosti.

Vidukari weusi wakija, wapige kwa mpira wa maji waanguke, samaki watawamaliza. Dawa ya wadudu itaua samaki kwanza. Wadudu hao hupitisha baridi kwenye miti ya plamu na cheri, kwa hiyo jirani akiwa nayo watarudi tu.

Kiangazi cha kwanza maua yanaweza kuwa machache. Kila ua hufunguka siku tatu au nne hivi, kisha huzama. Likate chini kabisa ya kikonyo kabla halijaozea majini.