Breki inazama, ukipiga mara ya pili inapanda: ninunue masta silinda?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Mimi niko Wete, nina Corolla ya mwaka 1994, mbele disiki, nyuma dramu. Tangu masika breki imekuwa laini. Nikikanyaga, mguu unakwenda chini sana. Nikiachia na kukanyaga tena, inapanda na kukamata. Fundi wetu ametoa upepo kwenye mabomba ya breki mara mbili, inakaa vizuri siku chache kisha inarudi vilevile. Mafuta ya breki yanapungua kidogo kidogo, lakini chini ya gari sioni hata tone. Sasa naambiwa masta silinda imekufa. Ninunue?

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Usinunue bado hiyo masta silinda, yaani pampu inayosukuma mafuta ya breki unapokanyaga. Na kabla ya yote, gari iegeshe. Breki ya kupiga mara mbili inakufaa pale tu unapopata muda wa kupiga mara mbili. Mtoto akikatiza mbele ya skuli, muda huo hupati, na milima na kona za huko Pemba unazijua kuliko mimi.

Katika maelezo yako, lililonishika ni hilo la mafuta kupungua. Breki haili mafuta kama injini. Pedi zikilika, mafuta kwenye kikopo cha mafuta ya breki hushuka kidogo sana, tena kwa miezi. Yakishuka wiki hadi wiki, yanavuja, na panapotoka mafuta ndipo panapoingia upepo. Ndiyo maana fundi wako akitoa upepo unapata nafuu ya siku chache tu. Kazi yake huenda ni nzuri, lakini tundu bado liko wazi.

Kutoona tone chini kusikutulize. Kwenye gari ya umri huo silinda ndogo za nyuma huvuja ndani ya dramu, mafuta yakanywewa na viatu vya breki, vile vinavyobana dramu kwa ndani, na vumbi lake. Vua dramu zote mbili. Utaona kila silinda ina kofia mbili za mpira, moja kila upande. Inua ukingo wa kofia kwa bisibisi ndogo, taratibu usiichane. Unyevu wa kupaka tu si neno kubwa, lakini yakichuruzika mafuta, mwizi umempata. Tazama pia ubavu wa ndani wa tairi, kama una michirizi iliyokolea vumbi. Vumbi la humo usilipulize kwa upepo wala kwa mdomo, maana viatu vya zamani vingine vina asbesto. Limwagie maji kwanza.

Silinda ikivuja, badilisha ya kushoto na ya kulia pamoja. Kubadilisha raba peke yake kunafaa kama ukuta wa ndani ni laini ukiupitisha kidole. Ukiwa na vishimo vya kutu, na hewa yetu ya chumvi huvileta mapema, raba mpya italika upesi. Viatu vilivyolowa mafuta tupa. Kuna wanaoviosha kwa petroli na kuvirudisha, mimi sikubaliani nao hata kidogo: mafuta yamo ndani ya kiatu, yatatoka kikipata joto, na gari itavuta upande mmoja.

Nyuma kukiwa kukavu, nenda mahali masta silinda inaposhikana na busta, lile duara linaloongeza nguvu ya mguu. Legeza nati zake mbili, isogeze mbele kidogo bila kukunja mabomba, upitishe kidole nyuma yake. Ikivuja hapo, mafuta yanaingia ndani ya busta na nje huoni kitu. Kisha fuata mabomba ya chuma chini ya bodi mpaka nyuma, hasa chini ya vishikizo, ambako matope ya masika hukaa na kutu hufanya kazi yake kimyakimya.

Masta yenyewe ina kipimo chake, na hakigharimu kitu. Injini ikiwa imezimwa, piga breki mara tatu nne mpaka iwe ngumu, kisha tuliza mguu juu yake nusu dakika. Ikizama polepole na hakuna panapovuja, raba za ndani ya masta zinapitisha, na hapo kainunue. Ila ukiwasha injini huku umekanyaga, pedali itashuka kidogo mara moja. Hiyo ni busta inasaidia, wala si ugonjwa.

Kipimo kingine: vuta handibreki mpaka mwisho, kisha kanyaga. Pedali ikipanda juu na kuwa ngumu, viatu vya nyuma viko mbali na dramu na vinataka kusogezwa kwa ile nyota ya kurekebishia iliyo ndani ya dramu. Ikibaki inabonyea kama sponji, ni upepo.

Sasa kutoa upepo. Gari nyingi za zamani huharibiwa masta siku hii hii. Msaidizi akikanyaga mpaka sakafuni, raba za ndani hupita sehemu ya silinda ambayo hazijaifikia kwa miaka, yenye kutu, zikachanika. Weka kipande cha ubao chini ya pedali isifike mwisho. Anza tairi ya mbali na masta: nyuma kushoto, nyuma kulia, mbele kushoto, umalizie mbele kulia. Kikopo kisikauke hata mara moja. Na kama kalipa za mbele, zile zinazoshika pedi, ziliwahi kubadilishwa, angalia nipeli zake, vile viskrubu vya kutolea upepo, ziko juu. Zikifungwa kushoto kwa kulia, nipeli inakaa chini, upepo unabaki juu, na utatoa mpaka jioni bila ya kuumaliza.

Mafuta ya breki nunua ya daraja la DOT 3 au DOT 4, chupa ndogo iliyofungwa. Yaliyotoka kwenye gari usiyarudishe. Haya hunyonya maji kutoka hewani. DOT 3 mpya inatakiwa istahimili hadi nyuzi 205 kabla ya kuchemka, lakini ikishanyonya maji ya asilimia 3.7, kiwango kinachotakiwa ni nyuzi 140 tu. Ukishuka mlima mrefu umeegemea breki, joto hilo linafikiwa, maji yanageuka mvuke, na pedali inazama hata kama hakuna panapovuja. Mlimani shuka na gia ya pili. Mafuta ya stelingi au ya injini usitie kamwe, huvimbisha raba zote na itabidi uzibadilishe kuanzia masta mpaka matairi.

Ukimaliza, jaribu uwanjani kwa mwendo mdogo. Weka alama ya kalamu kwenye kikopo usawa wa mafuta, uitazame kila asubuhi kwa wiki nzima kabla hujapakia watu.