Kanisa la Rabai halikujengwa na Krapf

Umeuliza kama Krapf, mmisionari Mjerumani, ndiye aliyelijenga kanisa la Mtakatifu Paulo, Rabai, karibu na Mombasa, Kenya. Hapana: yeye na mmisionari mwenzake Rebmann walifungua misheni ya Kianglikana hapo mwaka 1846, lakini kanisa hilo lilijengwa mwaka 1887, Krapf akiwa ameshafariki. Waumini wa mwanzo walikuwa wachache mno. Usharika ulikua hasa pale watumwa walioachwa huru, pamoja na watoro kutoka mashamba ya pwani, walipopata hifadhi kwenye misheni hiyo, jambo lililozua ugomvi mkubwa na mabwana zao mpaka Mackenzie, wa kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki (IBEAC), alipowalipa mabwana hao fidia, na watoro wakapewa vyeti vya uhuru Januari 1889. Kwa maoni yangu, watumwa hao walioachwa huru na watoro ndio waanzilishi halisi wa usharika huo.