Kabla hujauza kiwanja kwa ajili ya tamasha la majira ya joto

Wiki iliyopita mama mmoja wa Tabata alinipigia simu saa nne usiku. Nikamwamkia, akaitikia, akaenda moja kwa moja kwenye shida yake. Mwanawe wa miaka 20, mwanafunzi wangu wa klarineti, amekubaliwa kwenye tamasha la muziki wa kiklasiki huko Ulaya, wiki tatu za mwezi Julai. Masomo bure, malazi bure, nauli juu yake mwenyewe. "Mwalimu, mwanangu, niambie ukweli. Nikiuza kiwanja changu cha Chanika, hii ni kazi au ni matembezi?"

Nilimwomba siku mbili. Naandika hapa nilichomjibu, kwa sababu naijua hiyo barua ya kukubaliwa inavyompofusha mtu. Mimi niliipata nikiwa na miaka 23, nikaisoma ndani ya daladala hadi nikapitiliza kituo.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni hiki: wengi wa wanamuziki unaowaona jukwaani Julai na Agosti wana ajira mahali pengine. Tamasha la Salzburg huko Austria, lililoanza mwaka 1920, linapigiwa na okestra ya Vienna Philharmonic, na wanamuziki hao mwaka mzima wako kwenye okestra ya jumba la opera la Vienna. Tanglewood huko Massachusetts, Marekani, ni makao ya kiangazi ya okestra ya Boston tangu mwaka 1937. Bayreuth, tamasha la opera huko Ujerumani, ndiyo mfano unaonigusa zaidi: okestra ya pale hukusanywa kutoka majumba mbalimbali ya opera, watu wanakuja kupiga wakati wenzao wa ofisini wako likizo. Kwa hiyo tamasha halimpi mtu kazi. Linampokea mtu mwenye kazi. Kijana wa Dar anaangalia video, anaona suti nyeusi na maua, anadhani wale wanaishi kwa tamasha.

Sisi hapa hatuna okestra ya simfoni inayolipa mishahara. Mpuliza klarineti mwenye mshahara wa uhakika nchini yuko kwenye bendi ya polisi, ya jeshi au ya magereza, na nasema hivyo kwa heshima kubwa, maana aliyenifundisha mimi alikuwa mzee mstaafu wa bendi ya magwaride. Alinifundishia uani kwake Temeke, chini ya mwembe, na sauti aliyonipa ndiyo ninayoilinda mpaka leo.

Kwa tamasha langu nilifika kwenye mji mdogo kaskazini mwa Ujerumani na klarineti moja ya Bi-flati, ile ya kawaida. Mazoezi ya kwanza, nakuta nota imeandikwa kwa klarineti ya A, ambayo ni ndefu kidogo na sauti yake iko chini kidogo. Wenzangu wote walikuwa na mbili, kila mmoja na sanduku lake pana. Konseto ya Mozart ya mwaka 1791, ambayo kila mpuliza klarineti duniani anaiota, ni ya klarineti ya A, nami nilikuwa nimeipiga miaka mitatu kwa nota zilizohamishwa bila kujua kwamba ni tatizo. Ilibidi niazime. Kisha sauti: mimi nimezoea kinanda cha kanisani chenye A ya 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde, wao walikuwa wanapiga 443, juu kidogo. Nikaisukuma klarineti yangu ndani hadi mwisho na bado niko chini. Dada aliyekaa kushoto kwangu alinipa kipande kifupi cha kuunganishia, kile kinachokaa chini ya mdomo wa klarineti, akaninong'oneza nikibakize kwangu wiki nzima.

Hayo ya vifaa yanatibika kwa fedha. Lililoniumiza lilikuwa kuhesabu.

Nimelelewa kwenye kwaya, na kwaya zetu nyingi zinaimba kwa sol-fa, ile ya do, re, mi. Ni msingi mzuri sana, sikio linajengeka, mtu anajua "fa" ilipo hata akiamshwa usingizini. Nota za mistari mitano nilijifunza nikiwa na miaka 19, nikazisoma polepole kama barua ya wakili. Sasa kwenye okestra klarineti inaweza kukaa kimya vipimo 60, yaani mafungu 60 ya mapigo, ikaingia peke yake kwa nota mbili, ikanyamaza tena. Kwenye kwaya huwa hunyamazi kiasi hicho, na ukipotea, jirani anakubeba. Pale nilipotea kwenye kipimo cha 40 na kitu, nikaingia mapema, mbele ya watu 70. Kiongozi wa okestra hakunigombeza. Alisimamisha, akasema namba ya kipimo, tukaendelea. Usiku ule sikula.

Kwa siku tisa zilizofuata niliamka mapema nikahesabu vipumziko kwa sauti, nikigonga goti, bila kushika klarineti kabisa. Huo ndio ujuzi ulionilisha baadaye. Mialiko miwili niliyoipata kutokana na tamasha lile haikutoka kwa waandaaji wala wakufunzi. Ilitoka kwa yule dada wa kushoto, ambaye mwaka uliofuata aliulizwa mtu wa kuziba pengo akakumbuka kwamba nafika mapema, najua pa kuingia, na nilimrudishia kipande chake kikiwa kimefutwa. Vijana wananiuliza namna ya kumvutia mkurugenzi wa tamasha. Mheshimu aliyekaa kiti cha pembeni yako, huyo ndiye atakayeulizwa habari zako.

Jambo jingine linahusu mti wenyewe. Klarineti nzuri ni mpingo, na mpingo ni wetu, wa Kilwa, Liwale, Nachingwea, mti unaochukua miaka 70 na zaidi kukomaa. Nikiwa kule niliona safu nzima ya klarineti na oboe nyeusi, nikajisikia nina ndugu jukwaani. Lakini mpingo unapasuka ukibadilishiwa hali ya hewa ghafla. Yangu ilipasuka baada ya kurudi, kwenye sendofu hotelini, nimetoka kwenye jasho la nje nikaingia kwenye kiyoyozi na kuanza kupuliza papo hapo. Ishike mkononi kwanza, ipate joto la mwili. Na kwa shoo za bustanini, ambazo matamasha ya kiangazi yanazo nyingi, chukua ya plastiki bila aibu. Wakubwa wanafanya hivyo.

Leo ninaishi kwa wanafunzi 14, ibada mbili za Jumapili, harusi, na kurekodi mara chache. Mwandaaji mmoja wa hapa mjini alinilipa baada ya miezi saba, na tangu hapo sipigi bila karatasi iliyosainiwa na nusu ya malipo mkononi. Hiyo ndiyo miezi kumi na moja ya mwaka wangu. Ule wa kumi na mbili, ukija, unakuja juu ya msingi huo.

Kwa hiyo nilimwambia yule mama: usiuze kiwanja. Kijana awaandikie wiki hii kuomba msaada wa nauli, maana matamasha mengine huwa na fungu hilo na hawakupi usipoomba. Wakikataa, aombe kuahirisha hadi mwakani. Maombi ya Julai mara nyingi hufungwa kati ya Novemba na Februari, muda upo. Klarineti ya A nitamwazima yangu.

Akanyamaza kidogo, akauliza kama mwanawe ana kipaji. Nikamwambia anacho, ila bado anaingia mapema. Jumamosi saa tatu asubuhi atakuja kwangu Upanga, na klarineti nimemwambia aiache nyumbani.